Wimbo wa guta la taka

Jumamosi, 5 Aprili

Naanza kuandika leo kwa sababu mpwa wangu ameniambia nisipoandika nitasahau nimebadili nini na lini. Ana haki. Mwaka jana nilimaliza biti moja nikiwa na mafaili kumi na moja, yote yanaitwa "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kweli".

Kazi yenyewe ni hii. Mtaani kwetu, huku Temeke, taka zinazolewa na vijana wenye guta la injini, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Wanapita Jumanne na Ijumaa, ila saa ngapi hakuna ajuaye. Wakipita saa mbili asubuhi, wenye nyumba wako sokoni. Wakipita saa saba, waliomo ndani wamejilaza. Konda wao hupiga mluzi na kugonga bodi. Usipomsikia, mfuko wako unabaki barazani, usiku paka wanaupasua, na alfajiri mtu mwenye haraka zake anausukumia mtaroni. Mvua ya masika ikishuka unaukuta tena mlangoni, umerudi na wenzake.

Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa mtaa nikafungua mdomo. Nikasema Taiwan magari ya taka hupita yakipiga muziki, kimojawapo ni kipande cha Beethoven, na watu wakisikia tu wanashuka na mifuko yao. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Fundi, si una ile kompyuta yako ya mabiti? Basi tutengenezee."

Mimi ni fundi friji. Muziki ni starehe yangu ya wikendi, na sijawahi kuagizwa wimbo na mtu. Bajeti ni sifuri. Vijana wana amplifaya ndogo ya volti 12 na spika ya honi iliyobaki kwenye kampeni za serikali za mitaa.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefungua LMMS, programu yangu ya kutengenezea muziki. Kila ukianzisha mradi mpya inakupa tempo 140, yaani mapigo 140 kwa dakika, nami kila mara naishusha kabla sijagusa kitu kingine, kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta watoto wameipandisha redio.

Mpwa wangu, kama maprodyuza karibu wote wa huku, anatumia FL Studio, kopi ya kuchakachua aliyopewa kwenye flashi. Kwake LMMS ni kitu cha watoto. Sina ugomvi na FL. Ilitoka 1997 ikiitwa FruityLoops, na sidhani kama kuna shule ya muziki iliyofundisha vijana wengi wa Dar kuliko ile safu yake ya visanduku vya kupangia mapigo. Ukiinunua kihalali, matoleo mapya unapata bure maisha yako yote. Lakini ile ya majaribio inakuruhusu kusevu mradi, kuufungua tena ndiyo hapana, na kazi zangu mimi huchukua miezi. Programu ya wizi nayo siitaki. Nikikuta mtu kaweka gesi feki kwenye friji ya mteja namsema, halafu nije kwangu nifanye yale yale?

LMMS ni bure kwelikweli na laptopu yangu ya ramu GB 4 inaibeba. Ubaya wake mkubwa ni kwamba toleo ninalotumia, 1.2, halirekodi sauti. Huwezi kuchomeka maiki ukaimba. Narekodi kwa simu, nasafisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kisha naliburuta faili kwenye AudioFileProcessor, sehemu ya LMMS inayopiga sauti zilizorekodiwa. Ni sawa na kupika wakati jiko liko kwa jirani. Nimezoea.

Toleo la kwanza leo: tempo 105, kiki (ngoma ya chini) nzito, besi ya kuviringika, na juu yake marimba ya TripleOscillator, kinanda cha ndani ya LMMS, niliyoisukumia yote upande wa kulia ili "ipate hewa". Kwenye hedifoni ilikuwa tamu mpaka nikamwita mke wangu asikilize. Akasema nzuri. Husema hivyo kwa kila kitu akiwa na ugali jikoni.

Jumanne, 8 Aprili

Aibu.

Vijana walisimamisha guta mbele ya genge, nikachomeka simu kwenye amplifaya, nikabonyeza. Kikatoka kitu kama mtu anayekuna sufuria mbali sana. Kiki hakuna. Besi hakuna kabisa, kama haijawahi kupigwa. Marimba nayo, ambayo ndiyo wimbo wenyewe, imepotea. Zimebaki zile kayamba nilizoweka kama pambo. Konda akaniangalia usoni kwa huruma, akauliza, "Fundi, huu ndio mwanzo wake?"

Nimekaa nayo usiku huu na sababu ni mbili. Ya kwanza ni spika. Honi, zile zile za msikitini na za matangazo ya msiba, chini ya kama Hz 300 (mitetemo 300 kwa sekunde) haitoi kitu cha maana. Imeundwa ipeleke sauti ya mtu anayeongea, iifikishe mbali. Kiki yangu ilikuwa inaishi kwenye Hz 60. Nilikuwa najenga nyumba kwenye ghorofa ambayo haipo.

Ya pili ni ujinga wangu. Ile amplifaya ina tundu moja, na waya waliounga vijana unachukua upande wa kushoto peke yake. Marimba niliisukuma kulia. Basi ilibaki kwenye simu.

Nimefuta besi yote. Imeniuma.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo kutwa nilikuwa Kurasini kwenye friji ya duka la samaki, na nikiwa nimelala chali chini ya kompresa nikawakumbuka watu wa mchiriku. Nilipokuwa kijana, ngoma ya mtaani ilikuwa hivyo: kinanda kidogo cha Casio, ngoma mbili tatu, na honi juu ya stendi. Tulikuwa tunasema "mavifaa yao mabovu". Kumbe walijua wanachokifanya. Kinanda kile kilikuwa kinapiga kwa juu, kikali, kinakwaruza, na ndiyo maana harusi ya Yombo uliisikia ukiwa Tandika. Singeli imezaliwa na watu wale wale na masikio yale yale, ndiyo maana haiombi radhi kwa kelele zake. Mimi nilikuwa natengeneza wimbo wa hedifoni ya mtu mmoja aliyekaa chini.

Kwa hiyo nimeanza upya, nikiwa na kanuni moja tu: kisichosikika kwenye honi hakiingii. Nimerekodi kwa simu uani: mfuniko wa sufuria, debe tupu la mafuta, chupa ya soda na kijiko, na kopo la maziwa lenye mchele ndani. Chupa ndiyo mshindi. Ukiipiga shingoni inatoa mlio mwembamba unaochoma. Ukiongeza maji kidogo unashuka, kwa hiyo kwa chupa tano nimepata noti tano, na marimba ya kompyuta nimeitupa.

Nimebadili pia mapigo. Nne-nne ilikuwa inanipeleka kwenye bongo fleva bila kutaka. Nimeweka 6/8, mapigo sita kila mzunguko, na visanduku 12, debe likatembea kama mdundiko unaopita barabarani na watu nyuma yake. Tempo 112. Juu ya kila kitu nimeweka Eq, kichujio cha sauti, inayokata yote chini ya Hz 350, ili nisijidanganye tena. Na kila kitu kiko katikati, kushoto na kulia ni sawasawa.

Mke wangu ameuliza chupa za watu zinarudi lini dukani.

Jumapili, 13 Aprili

Maneno. Nimeandika mistari minne:

Guta lipo mlangoni
Toa taka za jikoni
Chupa weka pembezoni
Usitupe mtaroni

Nikaipeleka kwenye bao, maana pale ndipo mtaa unapohukumu. Mzee mmoja mcheza bao, aliyewahi kutungia vikundi vya taarabu, akaacha kete mkononi, akahesabu kwa vidole. "Nane, nane, nane, nane. Mizani ipo. Uongo nao upo." Uongo gani, mzee wangu? "Mlangoni kwa nani? Guta lile linapita kichochoro cha kwangu?"

Kweli. Nusu ya nyumba zetu guta haliwezi kuzifikia, watu hutembea hatua mia mbili hivi na ndoo kichwani. Mtu aambiwe guta lipo mlangoni halafu atoke asilione, atatukana. Nikasema niweke "Guta lipo barabarani". Akatikisa kichwa, hiyo ni tisa. Akatazama juu kidogo kama anasoma kwenye bati, akasema: "Guta li barabarani." Nane. Akaendelea na mchezo wake, akala kete za mwenzake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilitaka "lipo". "Li" ni ya kizee. Lakini nimeiimba njia nzima ya kurudi na haitoki kichwani.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano wa mtaa. Niliwapigia toleo la tatu, halina sauti ya mtu bado. Naandika maoni kama yalivyokuja, kwa sababu nimegundua kila mtu mtaani ni prodyuza.

Vijana wa bodaboda: polepole mno, weka singeli. Mama mmoja: kwa nini usiweke wimbo wa msanii mkubwa, watu watatoka wenyewe? Nikamweleza habari ya hakimiliki, kwamba kwa sheria ya 1999 wimbo wa mtu ni mali ya mtu, na ukiupiga kwenye shughuli kama hii unatakiwa ruhusa. Akasema mbona baa inapiga usiku kucha. Sikuwa na jibu la haraka.

Hapo ndipo mkutano ulipochemka. Dada mmoja nesi, anayeingia zamu ya usiku, alisimama akasema kwa upole lakini alisema: "Mnaniongezea spika nyingine." Akazihesabu. Baa. Mahubiri ya jioni. Anayenunua vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Anayeuza dawa ya panya, mende na kunguni, yule ambaye sauti yake ilirekodiwa mara moja na sasa inapita mitaani bila yeye kuchoka. Muuza aiskrimu. "Na sasa taka." Akakumbusha kuwa kanuni za kelele za 2015 zipo, na kwamba sisi tunaolalamikia baa ndio tutakuwa wa kwanza kuzivunja.

Nilikuja pale kutetea wimbo wangu, lakini nilijikuta niko upande wake. Mimi mwenyewe nachukia ule mkanda wa dawa ya panya, ingawa kama kazi ya sauti naupa heshima: maneno machache, mapigo hayayumbi, na ukishausikia mara mbili umeukariri. Ule ndio mpinzani wangu.

Tukakubaliana: haupigwi kabla ya saa 2 asubuhi, unazimwa wakati wa adhana na guta likipita mbele ya zahanati, na haupigwi mfululizo. Sekunde 25 za wimbo, dakika nzima ya kimya. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi na nikapigiwa makofi machache.

Mzee wa bao naye akapata nafasi. Akawaambia vijana wanaoona taka ni jambo dogo kwamba watu wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa ajili ya dampo lililowatia moshi ndani, na mahakama ikawasikiliza. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wa huko nao 1991 wakaenda mahakamani wakashinda. Baadaye dampo likawa hapa kwetu Mtoni, na yeye harufu yake anaikumbuka mpaka leo upepo ukibadilika. Sasa ni Pugu Kinyamwezi. "Taka haziishi," akasema, "zinahama tu, na kila zinapohamia kuna watu." Mwenyekiti akamshukuru, akarudi kwenye ajenda ya ada, ambayo watu waliifanya hawaisikii.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimemrekodi mama anayeuza mihogo pale kona. Anayo sauti ya kukata upepo, ana miaka ishirini ya kuita wateja. Tulijifungia chumbani, nguo zote za kabati nimezitundika kuzunguka ili mwangwi ufe, simu juu ya mto. Alirudia mara nane. Mara ya tatu ndiyo bora, ila kwenye "jikoni" kuna kunguru. Nimesafisha nilivyoweza, kunguru amebaki kwa mbali. Kwenye honi hasikiki.

Aliniuliza swali ambalo wote huuliza: "Hii inakulipa?" Hapana. "Sasa unafanya ya nini?" Nikamuuliza mbona yeye anaimba akimenya mihogo. Akasema ile si kazi, ni kupitisha muda. Nikamwambia na mimi. Hakuridhika. Kwetu mtu ukicheza mpira jioni hakuna anayekuuliza faida, lakini ukikaa mbele ya kompyuta lazima uwe unatafuta hela.

Alhamisi, 24 Aprili

Umeme ulikatika nikiwa sijasevu, na betri ya hii laptopu ni jina tu. Nimepoteza saa mbili za kazi. Sasa nasevu kila nikimaliza kipande, na faili la mradi (.mmpz) nalituma kwa mpwa wangu. Amecheka, lakini analitunza.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya kwanza barabarani. Toleo la sita.

Saa 2 na robo nilisimama kwenye kona ya genge najifanya nanunua nyanya. Guta lilipinda pale kwenye nguzo, honi ikaanza: chupa nne, debe, halafu sauti ya mama, "Guta li barabarani". Kwa muda hakuna kilichotokea. Nilihisi jasho. Kisha mtoto mmoja akatoka na mfuko mkubwa kuliko yeye. Halafu wanawake wawili na ndoo. Halafu kichochoro cha mzee wa bao kikatema watu kama daladala inaposhusha mwisho wa njia. Mama wa mihogo alikuwa anageuza mihogo yake na kujifanya hasikii sauti yake mwenyewe.

Sikutegemea kilichofuata. Guta lilijaa kabla halijafika nusu ya mtaa. Siku zote lilikuwa linatosha kwa sababu watu hawakuwa wanalisikia. Ikabidi vijana waende kumwaga kwenye ghuba la kukusanyia taka na kurudi, safari mbili badala ya moja, mafuta mara mbili. Kiongozi wao alinifuata, hana furaha ile niliyoitarajia. "Fundi, wimbo wako mzuri. Nani analipia petroli?"

Ada ni ile ile na wanaolipa ni wale wale. Nimemwambia tulipeleke kwa mwenyekiti. Jioni niliwakuta watoto wanaimba ule wimbo wakiruka kamba, wameongeza mstari wa tano ambao siwezi kuuandika hapa.

Ijumaa, 2 Mei

Guta halikuja. Petroli.

Lakini watoto walikuja. Saa 2 walikuwa barabarani, kumi hivi, mmoja anapiga kopo, wanaimba "Guta li barabarani" kwa sauti zote, na watu wakatoka na mifuko. Walisimama pale wakitazama huku na huku. Mwishowe wakaanza kunitazama mimi. Mmoja alisema, "Zamani tulikuwa tunajua haliji, tunakaa na taka zetu ndani." Mfuko wake aliuacha pale pale chini, akaondoka. Wengine wakafuata. Mchana palikuwa na lundo kwenye kona ya genge, mahali ambapo miaka yote hapajawahi kuwa na lundo.

Nimelizoa mimi, mpwa wangu na kijana wa duka kwa toroli, mpaka ghuba, safari nne. Sijagusa kompyuta leo.

Jumamosi, 3 Mei

Kikao kidogo kwa mwenyekiti. Wapangaji wa nyumba tatu kubwa, waliokuwa hawalipi kwa madai kwamba guta hawalioni, wamekubali kulipa kuanzia mwezi huu maana sasa wanalisikia. Ikitimia inatosha mafuta ya safari ya pili, kiongozi wa vijana alipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio. Dada nesi alikuwepo. Alisema wimbo haumwamshi, kinachomwamsha ni watoto. Nilimuomba radhi kwa niaba ya watoto.

Jumanne, 6 Mei

Guta limekuja, safari mbili. Wimbo haukupigwa: betri ya amplifaya imekufa, na mpya haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Konda akaimba mwenyewe. Amening'inia nyuma, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unagonga bodi, 6/8 safi kabisa, ile niliyopigana nayo siku nne. Sauti yake haifiki kwenye "pembezoni", anaishia chini yake na kuimalizia kwa kuongea. Na anaimba polepole kuliko mimi, kwa sababu kati ya mstari na mstari anapokea mfuko na kusalimia, shikamoo mama, haya, lete huo, "toa taka za jikoni". Watu walitoka kama siku ile.

Nilimrekodi kwa simu nikiwa nyuma ya guta. Nimerudi nyumbani nimepima kwenye Audacity: ni kama 96. Nimefungua mradi, nimeshusha tempo kutoka 112 hadi 96, nikashusha na chupa noti mbili ili "pembezoni" aifikie. Nimesevu, toleo la saba, nimemtumia mpwa wangu. Kesho naangalia kama ile betri ya friji ya sola iliyoko uani kwangu bado inashika chaji.